Fonti ya madaha kwenye kadi ya harusi: itumike wapi, na kwa saizi gani

Swali: Habari za kazi. Nina steshenari ndogo Sinza, nadizaini kadi za mchango, za sendoff na za harusi. Wiki iliyopita mteja alizikataa kadi 150. Majina ya maharusi niliyaandika kwa Edwardian Script, rangi ya dhahabu juu ya maruni, na yametoka yamekatikakatika. Maelezo mengine nayo niliyaweka kwa fonti hiyohiyo, saizi 14, na wazee wanasema hawaoni kitu. Kuna waliosoma "Jamila" wakatamka "Tamila". Kwenye kompyuta kadi ilipendeza sana. Nimekosea fonti, au nimekosea matumizi? – Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

Jibu: Dada yangu, pole kwa hasara. Umekosea matumizi. Makosa ni matatu, na yote yalikuwa ndani ya faili kabla halijatoka dukani kwako: mistari myembamba imezidiwa na wino, herufi kubwa ya jina haikujaribiwa, na fonti ya majina imepewa kazi ya maelezo. Naanza na la kwanza kwa sababu ndilo linalokula pesa.

Mwandiko huu wa madaha, unaoiga maandishi ya mkono, asili yake ni kalamu ya nibu iliyochongoka. Mwandishi akishusha mkono huku akikandamiza, ncha ya nibu hupanuka na mstari hunenepa. Akipandisha bila kukandamiza, mstari hubaki kama unywele. Waandishi wa Uingereza wa karne ya 18 waliupenda sana mchezo huo wa nene na nyembamba, na mafundi kama George Bickham waliuchonga kwenye mabamba ya shaba ili uchapwe. Mfuo mwembamba kwenye shaba hushika wino vizuri, kwa hiyo unywele ulitoka mzima. Edwardian Script, aliyoichora Edward Benguiat mwaka 1994, imebeba unywele uleule. Printa ya leza haina mfuo: inapanga chembe za unga juu ya karatasi, kisha inaziyeyusha kwa joto. Mstari ukishakuwa mwembamba kupita kiasi, chembe hazitoshi kuujaza na jina linatoka na mapengo. Kwenye karatasi yenye mikwaruzo, ambayo wateja wa kadi wanaipenda, hali inakuwa mbaya zaidi, maana unga haufiki kwenye mabonde ya karatasi.

Kwa hiyo usichague saizi kwa macho ya kwenye skrini. Pima. Andika herufi n peke yake kwa saizi 400, uichape kwa ukubwa halisi, printa isiupunguze ukurasa. Saizi 400 ni sawa na milimita 141. Chukua rula, pima sehemu nyembamba kuliko zote katika ile herufi, ugawe kwa 141. Ukipata milimita 2, unywele wa fonti hiyo ni kama asilimia 1.4 ya saizi yake. Sasa kumbuka vipimo viwili: wino mmoja wa giza juu ya karatasi nyeupe unahitaji mstari usiopungua pointi 0.25 (pointi ndicho kipimo kilekile cha saizi ya fonti), herufi nyeupe au za dhahabu juu ya rangi ya giza zinahitaji pointi 0.5 au zaidi. Gawa 0.25 kwa 0.014, utapata saizi 18. Gawa 0.5, utapata 36. Chini ya hapo fonti hiyo itakatika, hata mchapaji awe hodari namna gani.

Kwanini juu ya maruni ni mara mbili? Maruni ya kwenye mashine haichapwi kwa wino mmoja. Ni mchanganyiko wa rangi mbili, tatu au nne, kila moja ikipita kwa zamu yake, na majina yako yaliachwa kama matundu katikati ya rangi hizo. Rangi moja ikisogea sehemu ndogo tu ya milimita, tundu linazibwa upande mmoja. Wino nao unatanuka kidogo kuingia ndani kutoka pande zote. Mstari mnene unavumilia. Unywele unamezwa. Dhahabu ya kompyuta nayo ina tatizo lake: ile rangi inayobadilika kutoka kahawia kwenda karibu na nyeupe ili ionekane inang'aa. Sehemu ya mwanga ikiangukia kwenye unywele, jicho halioni kitu tena.

Tiba ziko kadhaa. Ya kwanza, ongeza mstari wa pembeni kwenye herufi, unene wa pointi 0.25, rangi ileile ya herufi. Nusu yake inaingia ndani na nusu inatoka nje, hivyo unywele wa pointi 0.2 unakuwa 0.45. Usipite 0.4, kwa sababu vitanzi vya e na a vitaziba na madaha yenyewe yataondoka. Ya pili, chagua fonti yenye unywele mnene zaidi. Ya tatu ndiyo ninayoipendelea: weka majina kwa wino mmoja wa giza juu ya karatasi nyeupe au krimu, na dhahabu ibaki kwenye fremu na maua, ambako mistari ni minene. Mteja akisisitiza dhahabu halisi inayobandikwa kwa joto, hesabu ni ileile ya pointi 0.5, na ukiweza zaidi ni bora, kwa sababu ile karatasi ya dhahabu huchanika pembeni na huziba matundu madogo.

Sasa herufi zenyewe. Hapa Kiswahili kina mambo yake ambayo waliochora fonti hizi hawakuyafikiria, na ndipo wadizaini wengi wa kwetu wanapojikwaa bila kujua sababu. Katika mwandiko wa kuunganisha, m ni vijiti vitatu, n viwili, u viwili, i kimoja, na vyote vinafanana. Lugha yetu imejaa herufi hizo, tena zimefuatana. Chukua "Amina": kati ya a mbili kuna vijiti sita vya urefu mmoja. "Aminieli" ndiyo zaidi. Na neno "Muumini", baada ya M kubwa, ni vijiti kumi na kimoja mfululizo, vinavyotofautishwa na nukta mbili tu za i. Fonti iliyolala sana na kubana itaufanya mstari huo uonekane kama meno ya kitana. Kwa majina ya aina hiyo tafuta fonti ambayo n yake ina upinde juu na u yake iko wazi juu, na nukta ya i imekaa juu ya kijiti chake bila kusogea kulia.

Herufi kubwa zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika mtindo huu J, I na T huanza kwa mkunjo unaofanana, na F hutofautiana na T kwa kijistari kidogo tu katikati. S na L nazo hukaribiana. Ndivyo Jamila alivyokuwa Tamila. Majina yetu mengi, ya pwani na ya bara, yanaanzia humohumo: Juma, Issa, Iddi, Tatu, Fatuma, Salum, Lulu. Kabla hujamwonyesha mteja sampuli yoyote, andika orodha hii kwa fonti unayotaka: Mwajuma, Jumanne, Issa, Tatu, Fatuma, Salum, Lulu, Hamisi, Khadija, Neema, Ng'ombe, Zuhura. Mpe mtu ambaye hakukuona ukiiandika, asome kwa sauti. Atakapositasita ndipo palipo na tatizo. Fonti nyingi nzuri zina maumbo mbadala ya herufi kubwa. Kwenye Word yapo katika mipangilio ya fonti, ukurasa wa mambo ya ziada, sehemu ya seti za mitindo. Kwenye CorelDRAW na Illustrator yana paneli yake. Mara nyingi J iliyo rahisi zaidi imejificha humo, na kadi inaokoka bila kubadili fonti.

Jambo jingine: maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Fonti za Ulaya zimewekewa mikia mirefu ya mwisho kwenye d, t, y, r na s, kwa sababu maneno yao huishia hapo. Ukinunua fonti kwa kuvutiwa na mikia ya kwenye tangazo, angalia kama a, e, i, o na u zina umbo la kumalizia. Kama hazina, "Neema na Baraka" itaisha ghafla. Usichukue mkia wa herufi nyingine ukaugandisha kwenye a kwa mkono. Unene hautalingana na jicho litaona kiraka.

Halafu kuna "na". Kwenye kadi za Kizungu alama ya & ndiyo pambo la katikati, na fonti nyingi zina & ya kupendeza mno. Kadi ya Kiswahili ikiwa na maneno yote ya Kiswahili, & inakaa kama mgeni. Andika "na", lakini usiipe saizi ya majina. Ikiwa majina ni 54, "na" iwe 20 hadi 24, kwa herufi za mlazo za fonti ya kawaida kama EB Garamond. Itapumzisha macho kati ya majina mawili yenye mapambo. Jina lenye ng' nalo lina mtego wake. Alama ya ritifaa inakata muungano kati ya g na herufi inayofuata, kwa hiyo hakikisha fonti ina ritifaa iliyopinda, isiwe kijiti kilichosimama wima, kisha sogeza alama hiyo tu, usiguse herufi. Fonti za majaribio zinazopakuliwa bure mara nyingi hazina ritifaa kabisa, na kompyuta huazima ya fonti nyingine bila kukuambia.

Kuhusu mipangilio, nne zinaharibu kazi kila siku. Usitanue nafasi kati ya herufi. Iwe sifuri, maana muungano umechorwa kukutana mahali pamoja tu, na ukiongeza hata kidogo jina linakuwa vipande. Aliyesoma madrasa anajua jinsi neno la Kiarabu linavyopoteza sura herufi zake zikiachanishwa. Hapa ni hivyohivyo. Usiandike neno zima kwa herufi kubwa: kila moja imechorwa kuongoza herufi ndogo, zikipangwa pamoja zinapigana vikumbo. Usibonyeze kitufe cha kukoza wala cha kulaza. Mwandiko huu tayari umelala, mara nyingi nyuzi kama 55 kutoka mstari wa chini, na kuulaza tena kunapotosha unene wake. Nne ni kupinda jina kufuata upinde: upande wa nje miungano inafunguka. Kama lazima lipinde, geuza herufi kuwa michoro, ziunganishe kuwa umbo moja, ndipo ulipinde umbo lenyewe.

Huko kuunganisha kuwa umbo moja kunasahaulika sana. Herufi hizi zinapandana kidogo pale zinapokutana. Ukiweka mstari wa pembeni au kuipa rangi uwazi kidogo, makutano yote yanaonekana kama makovu. Ukipeleka stika kwenye mashine ya kukata bila kuziunganisha, kisu kitapita katikati ya kila muungano na jina litabanduka vipandevipande. Kwenye CorelDRAW amri hiyo ni Weld. Kwenye Illustrator ni Unite.

Maelezo ya kadi sasa. Katika Times New Roman, kimo cha herufi kama a au n ni karibu asilimia 45 ya saizi. Katika miandiko ya madaha mara nyingi ni kati ya robo na theluthi, kwa sababu nafasi kubwa imeachiwa vitanzi vya juu na vya chini. Ile n ya saizi 400 uliyoichapa itakupa kipimo cha fonti yako: gawa kimo chake kwa 141. Ikiwa ni asilimia 28, basi saizi 14 yako ilikuwa sawa na Times ya saizi 9 hivi, tena yenye mistari myembamba na imelala. Wazee hawakukosea.

Kwa hiyo fonti ya madaha ipewe majina, na pengine kifungu kimoja kifupi kama "Mwaliko wa Harusi" au "Karibuni Sana". Mengine yote, yaani majina ya wazazi, tarehe, ukumbi, saa, na neno SINGLE au DOUBLE, yaende kwenye fonti ya kawaida, saizi 11 au 12. Namba za simu ndizo nisizokubali kabisa kuziona kwa mwandiko huu. Kwenye kadi ya mchango namba ndiyo roho ya kadi. 1 na 7 zikifanana, au 0 na 6, mchango wa mtu unaingia kwenye simu ya asiyehusika. Na pale pa kuandika jina la mwalikwa kwa peni, weka vitone tu na nafasi ya kutosha, angalau milimita 9 kwenda juu.

Kadi ya Kiislamu mara nyingi inaanza na Bismillahi kwa khati ya Kiarabu. Hapo kuna madaha tayari, tena ya kalamu ya mwanzi yenye mistari mizito. Chagua mwandiko wa Kirumi uliotulia, wenye mikia michache, na uache nafasi nzuri kati ya hivyo viwili. Vikikaribiana vinagombania jicho.

Nje ya kadi, mwandiko huu unafaa kwenye jina la mhitimu katika cheti, kichwa cha menyu ya hafla, lebo ya udi au manukato, herufi mbili za mwanzo za maharusi kwenye leso au mfuko wa zawadi, na jina juu ya keki ikiwa fonti ni nene. Haufai kwenye bango la barabarani. Watu wa mabango wana kanuni ya sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Kwa mtu aliyeko mita 30, hiyo ni sentimita 25, na hapo inahesabiwa herufi ya wazi. Kwa mwandiko wa madaha ningeongeza mara mbili, na abiria wa daladala Barabara ya Morogoro bado angepita kabla hajamaliza neno. Jina la khanga huchapwa kwa herufi kubwa za wazi, na inaeleweka: linatakiwa kusomwa na anayepita nyuma ya mvaaji.

Kama unataka kubadilisha fonti, ziko za kuanzia ambazo ni bure na leseni yake inaruhusu biashara, zote kwenye Google Fonts. Great Vibes ya Robert Leuschke ina mikunjo mikubwa ya herufi kubwa na unywele unaovumilia zaidi kuliko Edwardian. Kwa kadi za Dar ningeanza nayo. Pinyon Script iko karibu na mwandiko wa shaba wa zamani, ya heshima sana, ila inataka karatasi laini na wino mmoja. Alex Brush ni ya brashi, mistari yake haipishani sana kwa unene, kwa hiyo inastahimili WhatsApp na stika. Nje ya hizo za Google Fonts kuna Monotype Corsiva, ya ukoo mwingine: imetokana na kalamu ya ncha pana ya Kiitalia na herufi zake haziungani. Haina fahari ya hizo nyingine, lakini sentensi nzima inasomeka, na ndiyo ungepaswa kuitumia kama mteja anang'ang'ania maelezo "yenye mwandiko". Fonti iliyoandikwa kuwa ni kwa matumizi binafsi tu usiiuzie kadi.

Kadi ya kutumwa kwa simu ina hesabu yake. Ikiwa picha ina upana wa pikseli 1080, unywele usipungue pikseli 2. Kwa fonti ya asilimia 1.4 hiyo ni saizi ya pikseli 143 kwa majina. WhatsApp inapobana picha, mstari wa pikseli moja ndio wa kwanza kupotea, hasa ukiwa juu ya picha ya maharusi badala ya rangi tupu. Tuma kama dokumenti ya PDF, isiwe picha.

Kadi yako ya sentimita 13 kwa 18 ningeipanga hivi: karatasi krimu isiyo na mikwaruzo, Great Vibes saizi 54, jina la kwanza limesogezwa kushoto, "na" saizi 22 katikati, jina la pili limesogezwa kulia, mstari kwa mstari pointi 62 hadi 68, ukiangalia mkia wa J au y wa juu usigonge k, l au h ya chini. Majina yawe maruni ya wino mmoja wa kuchanganywa kama ni mashine kubwa. Kama ni printa ya leza, nyeusi tupu au maruni iliyokolea sana. Maelezo EB Garamond 11.5. Hifadhi nakala mbili, moja yenye maandishi ya kuharirika na nyingine ambayo herufi zote zimegeuzwa michoro. Ya pili ndiyo iende Kariakoo, kwa sababu kompyuta ya kule ikikosa fonti yako itaweka nyingine yoyote. Omba nakala moja ichapwe kwenye karatasi ileile ya kazi, kwenye mashine ileile. Ishike kwa urefu wa mkono chini ya taa ya kawaida ya nyumbani, kisha mpe mtu mzima asiyewajua maharusi. Akisoma majina yote mawili bila kuisogeza karibu na macho, ruhusu zile 150.